Kutoka Tanga hadi Jangwa la Chalbi: mwongozo kamili wa safari ya kambi ya siku kumi

Jangwa linalofikika kirahisi kwa mtu wa Tanga ni Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ndani ya Kaunti ya Marsabit, mashariki ya Ziwa Turkana. Ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka: tambarare ya udongo na chumvi iliyozungukwa na mawe meusi ya volkano, chemchemi chache zenye mikoma, na matuta ya mchanga upande wa North Horr. Unakwenda kwa barabara na reli, huhitaji viza, na Kiswahili kinakufikisha karibu kila mahali. Ugumu wa safari hii uko kwenye maji na saa. Kampuni nyingi zitakuonyesha picha za machweo. Wewe uliza kwanza wanabeba lita ngapi na wanaondoka kambini saa ngapi, na wakuandikie.

Msimu

Nenda Juni hadi Septemba, wakati huku kwetu kunavuma kusi, au Januari na Februari. Masika na vuli epuka kabisa. Chalbi ikinyeshewa hugeuka tope, na ubaya wake ni kwamba juu hukauka haraka wakati chini bado ni uji. Gari linapita juu ya gamba la chumvi, gamba linapasuka, na magurudumu yote manne yanazama hadi kwenye ekseli. Hata mvua ikinyesha mbali, kwenye Milima ya Huri, maji huteremka hadi bondeni. Kwa hiyo mkataba wenu useme wazi: ikiwa imenyesha ndani ya wiki iliyotangulia, njia ya kukatiza tambarare inaachwa na mnazunguka pembeni. Kampuni inayokataa kuandika hilo, achana nayo.

Karatasi za mpakani

Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi Horohoro. Unahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Cheti cha homa ya manjano ni lazima uwe nacho, kwa kuwa utakaporudi utakuwa umetoka Kenya, nchi yenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya safari. Ukishachanjwa, cheti hakiishi muda. Sheria hiyo ilianza 2016. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku pande zote mbili: Kenya tangu 2017, Tanzania tangu 2019. Kenya pia, tangu Juni 2020, hairuhusu plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi, zikiwemo chupa za maji. Kila mtu awe na chupa mbili za bati za lita moja, maana mkipita Marsabit National Park za plastiki zitabaki getini. Machungwa ya Muheza yanashawishi kubeba, lakini matunda mabichi mpakani huleta maswali ya cheti cha afya ya mimea. Kula yako nyumbani.

Kuichagua kampuni

Waongozaji na kampuni za utalii Kenya hupewa leseni na Tourism Regulatory Authority. Omba nakala ya leseni ya mwaka huu, si ya mwaka jana. Baada ya hapo kuna mambo ambayo jibu lake ndilo linalotenganisha kampuni na dalali mwenye simu.

Magari ni mangapi? Jibu ni mawili, hata mkiwa watu wanne. Gari moja likikwama Chalbi hakuna wa kulivuta, na katikati ya vituo simu haishiki. Kila gari lina spea tairi ngapi? Mbili. Mawe ya volkano kati ya Marsabit na Maikona hukata tairi ubavuni, na tairi iliyokatwa ubavuni haizibiki kama pancha ya kawaida. Mwongozaji ni mtu wa wapi? Awe mwenyeji wa Kalacha, Maikona au North Horr, vijiji vya pembeni mwa Chalbi, si dereva wa Nairobi aliyewahi kupita. Mwenyeji anajua visima vya nani, malisho yapo kwa nani mwezi huu, na ni njia gani ina wasiwasi wa wizi wa mifugo. Hilo la usalama lisichukuliwe kwa mazoea: asubuhi ya kutoka Marsabit, mwongozaji apite polisi aulize hali ya njia, na wakisema msubiri au mwende na askari, ratiba ifuate neno lao.

Malipo yagawe: sehemu ndogo ya kushikia nafasi, sehemu kubwa mkionana Nairobi na kukagua magari, na salio Isiolo wakati wa kurudi. Anayetaka yote kwa simu kabla hujavuka mpaka, mwache.

Mwisho, uliza kuhusu uokoaji wa ndege. AMREF Flying Doctors wana bima ya muda ya kubebwa kwa ndege kutoka mbugani hadi hospitalini. Kampuni makini huwa imeshaijumuisha kwenye bei.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa huanza kwenye karatasi. Hesabu zilizoandikwa kwa wageni wa Ulaya huweka lita tano au sita kwa mtu kwa siku, kwa sababu wanahesabu kunywa na kupika basi. Sisi tunatawadha, tunachamba kwa maji, na chai ni mara tatu. Weka hivi kwa mtu mmoja kwa siku: lita 5 za kunywa, lita 2 za chakula na chai, lita 3 za udhu, choo na kunawa. Jumla lita 10.

Chukua kundi la wasafiri sita, madereva wawili, mwongozaji na mpishi: watu kumi. Maji ya kunywa na kupika ni lita 70 kwa siku. Siku tatu za jangwani, ongeza siku moja ya akiba ya kukwama, inakuwa lita 280, yaani madumu 14 ya lita 20, yote yajazwe Marsabit. Maji ya kunawa ni lita 30 kwa siku, na haya mnaweza kujaza upya Kalacha na North Horr, ambako yanapatikana ila yana magadi. Madumu mawili yaliyowekwa alama ya rangi yanatosha. Jumla madumu 16, kilo 320 kabla hujaweka dizeli wala hema. Nane kila gari, wala usikubali yote yapakiwe gari moja: likizama hilo, mmebaki na kiu na gari zima.

Akiba ya siku ya nne haiguswi kwa kuoga. Mpishi ashike hesabu na aseme kila jioni yamebaki madumu mangapi.

Kisimani, mifugo na wenyeji wana haki ya kwanza. Mwongozaji aombe, mlipe kinachotakiwa, mchote mwondoke. Usifue wala kuoga karibu na birika la ngamia.

Kwa nini lita tano za kunywa wakati Tanga mtu anaishi na mbili? Jasho la Tanga linabaki mwilini kwa sababu hewa ina unyevu. Shati likilowa unajua umetoka jasho. Chalbi hewa ni kavu na ina upepo, jasho linakauka papo hapo, ngozi inabaki na chumvi tu. Mtu anajiona mkavu, anadhani hapotezi kitu. Usisubiri kiu. Kunywa glasi moja kila nusu saa mkiwa juani, na angalia mkojo: ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Beba ORS, pakiti mbili kwa mtu kwa siku. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha, visijae.

Mwenye kichwa kinachomgonga, kichefuchefu na miguu kukaza: kivulini, miguu juu, ORS kidogo kidogo. Mwenye kuanza kuongea visivyoeleweka au kuyumba, huyo ni dharura. Mvue nguo za juu, mfunike kikoi kilicholowa, mpepee bila kuacha, na gari lianze safari ya kliniki huku mnaendelea kumpepea. Usimnyweshe asiyejitambua. Anayetumia vidonge vya presha vya kutoa maji aonane na daktari wake kabla ya kulipia safari.

Njia, siku kwa siku

Siku ya kwanza, Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami. Badili shilingi kwa kiasi, na omba noti ndogo za Kenya, za 50, 100 na 200, kwa sababu Kalacha hakuna mwenye chenji ya elfu. Nunua laini ya Safaricom na uifungulie M-Pesa siku hiyo hiyo. Basi hupita kivuko cha Likoni hadi Mombasa mjini. Mkikodi gari, mwambie dereva apite Dongo Kundu, barabara inayotokea Miritini, kilipo kituo cha treni. Mnaepuka foleni ya kivuko na kulala karibu na kituo.

Siku ya pili ni treni ya Madaraka hadi Nairobi. Fika saa moja kabla, mizigo inakaguliwa kwa mashine na mbwa. Visu na mitungi ya gesi haipiti, kwa hiyo vyombo vya jikoni viachie kampuni.

Siku ya tatu ni ndefu: Nairobi, Nanyuki, Isiolo, Marsabit, lami mwanzo hadi mwisho, zaidi ya kilomita 500. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri ili giza lisiwakute njiani. Mboga, vitunguu na ndimu nunueni Isiolo. Watu wa Pwani huduwazwa na Marsabit: mji uko mlimani, una ukungu na baridi. Sweta lako ni la huku, na la Nairobi ya Julai. Kule chini Chalbi usiku ni wa joto na upepo, na aliyebeba blanketi zito kwa kuwa alisikia jangwa lina baridi usiku atalitumia kama mto.

Siku ya nne mnaacha lami kaskazini ya Marsabit, mnapita mawe meusi hadi Maikona, kisha Kalacha, mkipiga kambi karibu na mikoma. Siku ya tano ndiyo ya Chalbi yenyewe, hadi matuta ya North Horr. Siku ya sita mnateremka Loiyangalani, ufukweni mwa Ziwa Turkana. Ziwa lina mamba na maji yake ni ya magadi. Kuogelea ni pale tu wenyeji wanapoogelea, kama mwongozaji amekubali.

Siku ya saba rudini kwa barabara ya Laisamis. Ilifanyiwa ukarabati kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, na inawarudisha kwenye lami bila kurudia tambarare. Lala Isiolo. Siku ya nane Nairobi, ya tisa treni hadi Mombasa, ya kumi mpakani na nyumbani.

Kuvuka tambarare

Kwenye chumvi na mchanga, dereva apunguze upepo wa tairi hadi karibu PSI 18 au 20. Tairi inatanuka na uzito unasambaa. Kwenye mawe aurudishe, la sivyo ubavu unatumbuliwa. Maana yake pampu ya umeme ni lazima, na utaisikia ikilia mara mbili tatu kwa siku. Dereva asiyeshuka kabisa kupima tairi siku ya tano, mwulize.

Njia ni kufuata alama za magurudumu za karibuni. Sehemu inayong'aa au yenye rangi nyeusi kuliko jirani yake ina unyevu chini. Gari la pili libaki nyuma mita mia au zaidi, lisije likaingia shimo lile lile. Vukeni kati ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa nne. Baada ya hapo joto hupita nyuzi 35, na mazigazi yanaanza: unaona maji na miti iliyoinuka hewani, na mtu anayeendesha kwa macho tu huanza kupinda bila kujua. Ramani ya GPS iliyopakuliwa kabla iwe imewashwa kwenye simu ya mtu asiyeendesha.

Gari likianza kuzama, dereva aache mafuta mara moja. Kila mzunguko wa ziada unachimba. Abiria washuke, madumu yashushwe, mchanga wa mbele ya magurudumu uchimbwe kwa beleshi, vibao viingizwe, kisha gari litoke taratibu kwa gia ndogo. Jeki iwekewe ubao chini, vinginevyo jeki ndiyo inayozama. Mkipotea au magari yakifa, kaeni kwenye magari. Gari linaonekana kutoka mbali na lina kivuli. Mtu anayetembea hana vyote viwili.

Kambi

Fikeni mahali pa kulala ifikapo saa kumi jioni. Kwanza, msilale ndani ya laga, mkondo wa mto uliokauka, hata kama mchanga wake ni laini kuliko godoro: maji hushuka usiku kutoka mvua msiyoisikia. Pili, upepo. Kati ya Marsabit na Turkana upepo wa kusini-mashariki huvuma karibu mwaka mzima, na hukaza usiku hadi alfajiri. Hema linalosimama vizuri saa moja jioni laweza kuwa mgongoni mwako saa tisa usiku.

Vigingi vya hema havishiki mchangani. Fanya hivi:

1. Bebeni viroba vitupu vya kilo 5 au 10, sita kwa kila hema, na kamba ya katani. Katani haitelezi kwenye fundo kama nailoni, na sisi wa Tanga hatuna sababu ya kuikosa.
2. Jaza kiroba mchanga nusu, kifunge kiunoni, si mdomoni, ili kamba isichomoke.
3. Chimba shimo la sentimita 40, laza kiroba kikiwa kimekingama na mwelekeo wa kamba, fukia, kanyaga kwa miguu yote miwili.
4. Anza na pembe mbili zinazotazama upepo kabla hujainua hema. Mlango utazame kaskazini-magharibi.
5. Magari yaegeshwe upande wa upepo, jiko upande wa pili.

Zipu hukwama kwa vumbi la chumvi. Ipake nta ya mshumaa kabla ya kulala. Simu na kamera zifungwe kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya boksi la chakula lenye kifuniko cha kubana. Viatu vikung'utwe asubuhi, kwa sababu ya nge. Usiku tembea na tochi na viatu vya kufunika vidole, kuna nyoka wadogo wa sumu kali wanaojizika mchangani. Makubadhi ni ya kukaa kambini mchana tu.

Choo ni hatua 70 kutoka kambini, upande ambao upepo unaelekea, shimo la sentimita 20, beleshi na kopo vibaki hapo. Takataka nyingine zote zinarudi Marsabit au Isiolo.

Chakula kisiwe tabu. Wali, maharage yaliyolowekwa tangu alfajiri, chapati, na mbuzi wa kununua Kalacha. Tende na visheti vya kutoka nyumbani vinakaa wiki nzima. Mkate wa mchele utaota ukungu kabla ya Nairobi. Maziwa ya ngamia mkipewa, wenye tumbo jepesi waanze na nusu kikombe.

Kwa wanaoswali: msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na maji yakiwa ya kunywa tu, kutayamamu kunatosha. Idadi ya siku na masharti yake mwulizeni sheikh wenu kabla hamjaondoka.

Ngamia na wenyeji

Ngamia wa Wagabra, wafugaji wenyeji wa Chalbi, ni wa maziwa na mizigo, na wengi hawajazoea kupandwa. Kizuri zaidi ni kutembea nao asubuhi, saa mbili hivi, wakibeba maji yenu. Ukipewa wa kupanda, jua kwamba huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo unatupwa mbele. Jirudishe nyuma na ushike tandiko. Akipiga magoti huanza na ya mbele, na unatupwa mbele tena. Watu huumia kwenye kushuka, wakidhani kazi imeisha.

Picha za watu, nyumba na visima ziombwe kupitia mwongozaji kabla simu haijatoka mfukoni. Wazee wasalimiwe kwanza. Droni iacheni Tanga, Kenya inaitakia kibali.

Mkirudi

Magari yaoshwe chini kabisa Isiolo, chumvi ya Chalbi inakula chuma, na mkiwa mmekodi la kampuni hakikisheni hawawatozi kwa hilo. Nguo zilowekwe maji baridi kwanza. Maji moto hushikisha udongo. Anayepata homa ndani ya wiki mbili apime malaria na amweleze daktari alikokuwa. Salio la M-Pesa ya Kenya litoe Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, kabla ya kugonga mhuri, na kadi ya manjano iwe mkononi, si chini ya begi, kwa sababu foleni ya Horohoro jioni haina subira na mtu anayepekua mizigo.